UZI: Nimechapa plasta ya mkono kwa printa ya 3D hapa Kisumu. Imefaa wapi, imenishinda wapi

FundiLolwe (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Uzi huu niliuahidi tangu mwezi jana, lakini kila nikikaa kuandika kuna kitu kinaharibika mezani. Leo printa imepumzika, stima ipo, chai ipo. Tuongee.

Kwanza mjue mimi si daktari. Nachora na kuchapa vitu kwa printa ya 3D (mashine inayoyeyusha plastiki na kujenga kitu tabaka kwa tabaka) hapa mjini: vipuri vya cherehani, vishikio vya dirisha, vibao vya majina ya maduka. Kilichoniingiza kwenye mambo ya mifupa ni jirani yangu, mvuvi wa omena pale Dunga. Aliteleza kwenye mawe wakivuta mashua, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Alifungwa plasta vizuri tu, akaambiwa wiki 6, isiguse maji. Haya, mwambie mvuvi asiguse maji! Siku ya 9 alikuja kwangu plasta imekuwa uji. Ukiibonyeza pale kwenye kiganja, alama ya kidole inabaki. Pamba ya ndani ilinuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahaulika kwenye karai. Alikuwa ameuvika mkono mfuko wa plastiki, na mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, sijui aliutoa wapi. Ikabidi arudi kufungwa upya. Nauli, foleni, na usiku mwingine mashua imetoka bila yeye.

Ndipo nikakumbuka ile picha ambayo nyote mmeiona: mkono umevaa kitu kama wavu mweupe, matundu makubwa kwa madogo. Ile inaitwa Cortex, aliibuni Jake Evill wa New Zealand mwaka 2013, alipokuwa ametoka tu chuoni Wellington. Lilikuwa wazo, haikuwa bidhaa ya dukani. Miaka yote hii picha inazunguka tu na watu wanaandika chini yake "Afrika lini?" Nikasema acha nijaribu, nione inakwamia wapi.

Inakwama pengi.

Nianze na kupima mkono. Sina skana. Natumia simu: napiga picha 60 hadi 80 nikiuzunguka mkono, rula imelazwa kando ili kompyuta ijue ukubwa halisi, halafu programu inaziunga picha zote ziwe umbo moja. Shida ni kwamba mtu mwenye maumivu hatulii dakika 4. Mara ya kwanza umbo lilitoka na vidole saba. Dawa nilipewa na fundi wa chumba cha plasta ninayeshirikiana naye. Aliniangalia nikihangaika, akasema, "Mbona unausumbua mkono mgonjwa? Piga picha ule mzima, kisha uugeuze kama kwenye kioo." Nusu ya matatizo yangu ikaishia hapo. Sasa mgonjwa anashika kikombe kitupu kwa mkono mzima, kifundo kinajikunja kidogo kwa nyuma, ule mkao wa mkono unaofanya kazi, nami nazunguka na simu. Kisha tunapima mzingo wa mkono uliovunjika kwa tepu ya fundi nguo, sehemu tatu, na kupunguza kwenye mchoro. Mkono uliokaa wiki 3 ndani ya plasta huwa umekonda, msishangae.

Kuchora nako: vipande viwili vinavyofungana kama ganda la karanga. Unene milimita 3 kwa mtoto, 4 kwa mtu mzima. Ndani naacha milimita 2 za soksi ya pamba, ile wanayovalisha kabla ya plasta. Kingo zote naziviringa, hasa pale kwenye bonde la kidole gumba. Ya kwanza sikuviringa, na mgonjwa alirudi kesho yake na mstari mwekundu kama amekatwa na nyasi. Hilo ni kosa langu, silisingizii printa.

Kuchapa kunachukua saa 9 kasoro. Niliyoanza nayo, stima ilipotea saa ya 7. Iliporudi, printa ilijaribu kuendelea ilipoachia, lakini kipande kilikuwa kimeshapoa na kubanduka kwenye sahani. Nikapata rundo la nyuzi za plastiki kama tambi. Nina picha yake ukutani. Siku hizi nina betri ya akiba.

Uzito: 118 gramu kwa mizani ya duka la jirani. Rola ya kilo moja ya filamenti (uzi wa plastiki unaoyeyushwa na printa) nilinunua shilingi 3,200, kwa hiyo plastiki yenyewe haifiki 400. Ukijumlisha zilizoharibika, mara tatu ya hapo.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa ya jua. Plasta ya pili ilitoka safi, nikaiweka kwenye dashibodi ya Probox ya rafiki yangu tukapitia Kibuye kununua vitu. Tulikaa kama saa moja. Kurudi, nikakuta imejilaza na kujikunja kama chapati iliyotolewa mapema. PLA, ile plastiki ya filamenti yangu, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa katika jua la Kisumu si mahali pa kuiacha.

Kabla hamjanirukia: nimevisha watu watatu tu. Wote walikuwa wamepita wiki 3 na plasta ya kawaida, eksirei imeonyesha mfupa umeanza kushika, na daktari wao ndiye aliyesema sawa. Sijamvisha mtu aliyevunjika jana na sitamvisha.

Sasa naomba maoni yenu kwa mambo mawili. Moja, saa 9 kwa mkono mmoja ni nyingi mno, nifanyeje? Mbili, hili neno "rafiki wa mazingira". Kwenye pakiti ya filamenti kumechorwa jani la kijani. PLA inatokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, kwa hiyo mtu wa Muhoroni au Mumias, kwenye mashamba ya miwa, akisoma hivyo anatabasamu. Lakini mimi nina ndoo nzima ya mabaki chini ya meza na sijui niipeleke wapi. Jani hilo ni la kweli?

---

MshikaPamba (Kakamega)

Nimesoma yote, na nimefurahi umeanza na "mimi si daktari". Nimefunga plasta miaka 14. Acha niseme yangu bila kukukatisha tamaa.

Mfupa ukivunjika, mkono huvimba. Si saa ile tu, siku mbili tatu baadaye bado unavimba. Ndiyo maana siku za mwanzo tunafunga plasta ya upande mmoja, ile nusu, na kuzungusha bendeji, ili mkono upate pa kupanukia. Ukimvisha mtu ganda gumu la kuzunguka siku ya kwanza, damu itakosa njia. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakuwa baridi, vinapauka, ganzi, ukivinyoosha anapiga kelele. Anayesoma hapa na ana mtu nyumbani mwenye dalili hizo, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Asingoje asubuhi. Hapo saa chache tu zinatosha kumwachia mtoto mkono uliokunjamana maisha yake yote.

Jambo la pili watu wa kompyuta hawalijui. Plasta si kifuniko. Ninapoifunga ikiwa mbichi, mikono yangu inabonyeza sehemu tatu ili mfupa usirudi ulikotoka. Ile jasi inapata joto viganjani mwangu, naisikia inakaza, naisikia inakataa, halafu naachia. Printa yako inajua umbo la ngozi tu, haijui mfupa uko wapi. Na ukigeuza mkono mzima kama kioo, unapata mkono mzima wenye afya, hupati mkono uliobonyezwa pale ninapotaka. Baada ya wiki 3, mfupa umeshika, hapo sina ugomvi na wewe.

Matundu. Picha za mtandaoni zinapenda matundu makubwa. Sisi tukikata dirisha kwenye plasta ili kusafisha kidonda, tunakirudisha kile kipande na kukifunga, kwa sababu tukiacha wazi nyama hutokeza dirishani kama unga uliofura. Usizidishe ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na karibu na pale palipovunjika usitoboe kabisa.

Na kuna kazi usiiguse: watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Njia ya Ponseti inabadilisha plasta kila wiki, mara 5, 6, hata 7, na kila moja inasogeza mguu kidogo kutoka ulipokuwa. Wewe ukimaliza kuchapa, mguu umeshakuwa mwingine.

---

MamaPacha (Molo, Nakuru)

Mimi sijui printa. Mtoto wangu alianguka kwenye mti wa plamu likizo ya Desemba, akafungwa plasta kutoka kiganja hadi juu ya kiwiko. Wiki ya pili akaanza kujikuna. Nikamkuta nyuma ya jikoni amechomeka spoki ya baiskeli ndani ya plasta anasugua huku amefumba macho kwa utamu! Nikampokonya. Kesho yake akatumia rula. Plasta ilipotolewa, ndani mlikuwa na kifuniko cha kalamu, punje mbili za mahindi na kidonda.

FundiLolwe, mimi swali langu ni moja. Hiyo yako mtoto anaweza kuifungua mwenyewe? Kwa sababu wangu angeifungua kabla sijafika getini.

---

FundiLolwe (Kisumu)

Mama Pacha, nimecheka hadi kwenye punje za mahindi. Ndiyo, angeifungua. Kwa sasa nafunga kwa skrubu ndogo za plastiki, na nimejua watoto wa darasa la nne wana bisibisi nyumbani. Nilitaka nitumie mikanda ya tyubu ya bodaboda, ipo kila mahali na ni kitu kilichokwisha tumika.

MshikaPamba, asante sana. Hilo la unga uliofura dirishani nimeliandika ukutani kando ya tambi yangu.

---

MshikaPamba (Kakamega)

Tyubu HAPANA. Mpira hauachi kuvuta. Mkono ukivimba usiku, kitambaa kitabaki pale pale ulipokifunga, mpira utazidi kukaza. Tumia ukanda wa kitambaa kizito na vifungo. Mtoto mtundu, shona.

---

Mulamwa_Vihiga

Nyinyi mnazungumza saa 9 na shilingi 3,200. Babu yangu hapa Vihiga alikuwa anaunga mifupa kwa vijiti vya mwanzi, ngozi laini na kamba. Matundu yapo, hewa inapita, na akimaliza anavitupa shambani vinaoza. Nani rafiki wa mazingira hapo? 😄

---

MshikaPamba (Kakamega)

Mulamwa, wapo waliopona na wapo niliowapokea vidole vimeshakuwa vyeusi kwa sababu kamba ilikazwa siku ya kwanza. Lakini kitu kimoja babu alikipata: anaweza kufungua kila siku, akaangalia, akafunga tena. Plasta yangu hainiruhusu hivyo.

---

Menengai_Volti (Nakuru)

Nimechelewa. Nafanya kazi na printa hapa Nakuru miaka kadhaa, zaidi vifaa vya shule. Nijibu maswali yako mawili, nianze na la pili kwa sababu linaniudhi.

Jani lile lina ukweli nusu. PLA inaoza, ndiyo, lakini inahitaji mboji ya kiwandani, lundo linaloshika nyuzi karibu 60 kwa wiki nyingi, na unyevu. Shimo la taka la nyumbani halifiki huko. Ukiizika shambani leo, mjukuu wako ataifukua na jembe. Ukiichoma nyuma ya nyumba, hiyo si hifadhi ya mazingira, ni moshi. Na usiitupe kwenye gunia moja na chupa za maji za wanaookota plastiki, kwa sababu ni aina nyingine, inawaharibia mzigo. Kwa hiyo ndoo yako isiondoke chini ya meza hadi upate mtu mwenye mashine ya kusaga na kuvuta filamenti upya.

Halafu tuwe waungwana kwa plasta ya zamani. Imetengenezwa kwa jasi na kitambaa cha pamba. Tangu Mathijsen, yule daktari wa jeshi la Uholanzi, alipoanza kupaka jasi kwenye bendeji miaka ya 1850, sijaona nyenzo ya hospitali yenye dhambi chache hivyo. Ukitaka kushindana, shindana na fibaglasi. Ile ni nyuzi za kioo na gundi ya poliyurethani, haiozi, hairudi, na kuikata lazima msumeno.

Sasa umeme. Printa ya mezani kama yako inakula wastani wa wati 100 hivi. Saa 9 ni yuniti 0.9, haifiki moja. Na umeme wa Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mvuke wenyewe unatoka hapa kaunti yetu, Olkaria, mjue tunawadai shukrani. Kwa hiyo kinachochafua si stima, ni zile plasta zilizoharibika. Ukichapa tatu ili upate moja, umetengeneza taka mara mbili ya ile uliyomvisha mgonjwa. Punguza hizo kwanza, ndipo tuzungumze majani.

Hapo ndipo linaingia swali lako la kwanza. Kwa nini unachapa mkono mzima umesimama? Chapa BAPA. Kama kipande cha kitambaa kabla fundi hajakishona. Kimo milimita 3 tu, hakuna cha kubanduka, hakuna nguzo za kushikilia ambazo utazitupa. Saa 2 imeisha. Kisha maji ya moto nyuzi 65 hadi 70, kipime kwa kipimajoto usikisie. Tumbukiza, hesabu hadi 60, inakuwa laini kama ngozi iliyolowa. Itoe, ifute maji, ngoja hadi uweze kuishika shavuni mwako bila kuruka, ndipo uikunjie juu ya mkono wenye soksi mbili. Inakaza kabla hujamaliza kupiga soga. Ile tabia iliyokuharibia kwenye Probox ndiyo itakayokufanyia kazi. Wanaotengeneza mikono bandia ya kuchapa wanatumia ujanja huo huo miaka mingi.

Kwa mvuvi usitumie PLA hata kidogo. Tumia PETG, aina nyingine ya plastiki, inavumilia hadi karibu nyuzi 80 na maji haina shida nayo. Ila hiyo haikunjiki kirahisi kwenye maji ya moto, kwa hiyo yake itabidi uichape kama ganda, uvumilie hizo saa 9.

---

Kijana_wa_Kirumba (Mwanza)

Wakuu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku hiyo kitu tunaiita hogo. "Kafungwa hogo." Aisee mkuu FundiLolwe, huyo mvuvi wako aliishia wapi? Maana umemwacha njiani na mkono wake wa uji. Huku wavuvi wetu wana tatizo hilo hilo, wanakata hogo kwa kisu wenyewe wiki ya tatu wanarudi kazini, mkono unapona umepinda.

---

Wakili_Mtulivu

Mawili tu kisha nanyamaza. Vifaa vya tiba Kenya viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kumsaidia jirani na daktari akiwa pembeni ni kitu kimoja, kuweka bango "plasta za 3D" na kuuza ni kitu kingine. La pili, hizo picha 80 za mkono wa mgonjwa, pamoja na eksirei, ni taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti. Usiziache kwenye simu unayomkopesha shemeji.

---

FundiLolwe (Kisumu)

Wakili, simu ya kazi nimeitenga kuanzia leo. Na sina bango, sitaki bango.

Mkuu wa Mwanza, mvuvi yupo. Alimaliza wiki 4 na plasta ya pili ya hospitali, safari hii akikaa nchi kavu akishona nyavu kwa mkono mmoja na meno, ndipo akavaa ganda langu wiki 2 za mwisho. Lilikuwa la PLA kwa sababu sikujua zaidi. Lilimfaa kwenye maji, na jioni alikuwa akilifungua, anaosha mkono kwa sabuni, anakausha, anafunga tena. Alilolalamikia ni omena. Wale samaki wadogo waliingia kwenye matundu wakabaki, na jua likipanda alikuwa ananuka kuliko mashua. Kwa hiyo kwa mvuvi, matundu yawe makubwa kuliko omena au madogo kuliko omena. Hilo hulipati kwenye video yoyote.

Menengai_Volti, wueh. Bapa. Mbona sikufikiria? Nipe wiki chache.

---

FundiLolwe (Kisumu)

Nimerudi. Wiki 5 zimepita, samahani kwa ukimya.

Nimefanya bapa. Mgonjwa alikuwa binti wa miaka 10 kutoka Nyalenda, alianguka akiruka kamba shuleni, mfupa wa kigasha, wiki 3 za plasta ya kawaida zimekwisha na daktari alitaka akingwe wiki 2 zaidi. Hakuna picha 80. Tepu ya fundi nguo tu: mzingo wa kiganja, wa kifundo, wa kigasha, na urefu. Namba nne kwenye karatasi. Mashine zote zile na ujuzi wote ule wa simu, na mwishowe kilichohitajika ni kitu ambacho mama yake anacho kwenye kikapu cha kushonea.

Kuchapa kulichukua saa moja na dakika 50. Kikatoka kama jani la kabeji lililotobolewa. Nikaenda nacho kwenye chumba cha plasta nikiwa na sufuria, kipimajoto na birika. Na hapa ndipo MshikaPamba atafurahi: sikukikunja mimi. Yule fundi mwenzangu ndiye aliyekikunja. Nilikitoa kwenye maji, nikakifuta, nikakishika shavuni, nikampa. Akakilaza juu ya soksi, akafunga macho kidogo, na vidole vyake vikaanza kutembea: gumba chini ya kifundo, kiganja juu, kingine nyuma. Kama vile alikuwa na jasi mkononi. Sekunde 40 hivi. Halafu akasema, "Imekataa," akaachia. Neno lile lile uliloandika hapa, MshikaPamba, na hamjawahi kukutana.

Akaichungulia pande zote. Akaingiza kidole kidogo ukingoni kuona nafasi. Akamwambia binti akunje vidole, anyooshe, aguse gumba kwa kila kidole. Pale kwenye bonde la gumba palikuwa panabana, nikachovya ukingo huo tu kwenye maji tena, akausukuma nje kwa ncha ya kijiko. Jaribu kufanya hivyo na plasta iliyokauka.

Mikanda: kitambaa cha turubai, vifungo viwili, na ya tatu mama ameishona kabisa. Mama Pacha, hiyo ya tatu ni yako.

Masharti tuliyompa: asikae karibu na jiko, asioge maji ya moto, asiiache juani akiivua. Mama akauliza, "Na akiegemea chungu cha githeri?" Nikamwambia hicho ndicho hasa namaanisha.

Uzito 74 gramu. Safari hii sikuharibu hata moja kabla ya kupata hiyo, kwa hiyo ndoo ya mabaki haijaongezeka.

Jana amemaliza. Mfupa uko sawa, ameruhusiwa. Akaileta mwenyewe, imeandikwa majina ya darasa zima kwa kalamu ya wino, na mahali pengine pana alama ya jino, sijui la nani. Nikaiosha, nikaondoa mikanda, nikaitumbukiza tena kwenye sufuria ya nyuzi 70 nione tu. Sikuigusa. Ilianza kufunguka yenyewe, polepole, ukingo mmoja kisha mwingine, ikarudi karibu bapa kabisa kama ilivyotoka kwenye printa, majina yote yakiangalia juu.

---

Menengai_Volti (Nakuru)

Inakumbuka ilivyochapwa. Plastiki ikichapwa bapa na kukunjwa kwa joto, joto likirudi nayo inataka kurudi. Ila usimvishe mtoto mwingine hiyo.

---

MshikaPamba (Kakamega)

Mwingine hapana, imeshanyonya jasho la huyo. Lakini kuna wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kukunja, na kila mmoja anamaliza bendeji za jasi sita kabla hajajua kuweka gumba mahali pake. Hiyo wataikunja, wataichemsha, wataikunja tena mwaka mzima. Niwekee ya binti, na hata zile zilizokushinda kwenye ndoo kama bado zinalainika. Basi la kesho asubuhi linalotoka huko kuja Kakamega, mpe kondakta, nitaichukua steji.

---

FundiLolwe (Kisumu)

Ya binti, mwenyewe amekataa kuitoa, anasema ina majina. Nakutumia nne za kwenye ndoo.